Nani Aungaye Mfupa?

Mfupa uliovunjika huunga wenyewe. Mwunga mifupa wa kijijini mwenye mabanzi na kamba, na daktari bingwa mwenye sahani za chuma na skrubu, wote wawili huvirudisha vipande mahali pake na kuvituliza; kuunga kwenyewe hufanywa na mwili. Damu iliyovuja kwenye ufa huganda, chembe hai hukusanyika ndani yake, gegedu laini hujengeka kuziba nafasi, gegedu hugeuka mfupa mchanga, na mfupa mchanga huchongwa kwa miezi na miaka kulingana na uzito unaoubeba. Ngozi ikikatwa huacha kovu. Mfupa ukiunga vizuri hurudi kuwa mfupa ule ule, na baada ya miaka kadhaa picha ya eksirei inaweza isionyeshe palipovunjika. Viungo vyenye uwezo huo mwilini ni vichache.

Mara nyingine, hata hivyo, mfupa hugoma. Mundi, yaani mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, unajulikana kwa ukaidi huo, kwa kuwa upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu na damu inayoufikia ni haba. Sigara, kisukari, usaha, vipande kuachana mno, au mvunjiko kutotulizwa vya kutosha, vyote huongeza hatari. Kipimo kilichozoeleka Marekani ni kwamba mfupa umeshindwa kuunga ikiwa miezi 9 imepita tangu kuvunjika na miezi 3 ya mwisho haikuonyesha maendeleo yoyote. Dawa ya kawaida hapo ni upasuaji: kukwangua ncha za mfupa, kufunga vyuma upya, na mara nyingi kupandikiza mfupa uliochotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Tangu miaka ya 1990 imekuwapo pia njia isiyotumia kisu, nayo ni mawimbi mshtuko. Namna njia hii inavyofanya kazi inalirudisha mezani swali ambalo wanafalsafa na wanateolojia wamelijadili kwa karne nyingi: mgonjwa akipona, ni nani aliyemponya?

Wimbi mshtuko ni wimbi la mgandamizo. Kanieneo yake hupanda katika sehemu ndogo mno ya sekunde hadi kufikia makumi ya megapaskali, yaani mara mamia ya kanieneo ya hewa ya kawaida, kisha hushuka chini ya sifuri na kuacha nyuma yake vipovu vidogo vinavyopasuka. Wimbi hilo hupita kwenye maji na nyama kwa urahisi, na hutoa nguvu yake linapokutana na kitu chenye uzito tofauti, kama jiwe au mfupa. Madaktari walilitumia kwanza kwa mawe. Februari 1980, mjini München, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo kwa mashine iliyotengenezwa na kampuni ya ndege ya Dornier. Jiwe lilivunjwa ndani ya mwili bila mwili kupasuliwa, na katika miaka michache tiba hiyo ikaenea dunia nzima.

Katika kuchunguza madhara ya tiba hiyo, watafiti wa Ujerumani waliona jambo ambalo hawakulitafuta: kwa wanyama wa majaribio, mfupa wa nyonga uliokuwa kwenye njia ya mawimbi ulikuwa umechochewa kujenga mfupa mpya. Mwaka 1991 madaktari wa Bulgaria, Valchanou na Michailov, wakachapisha matokeo ya kuyaelekeza mawimbi kwenye mivunjiko iliyochelewa au kushindwa kuunga. Kati ya mivunjiko 82, waliripoti kuwa 70 iliunga. Kutoka hapo njia hiyo ikapata makao, hasa Austria, Ujerumani, Italia na Taiwan.

Tiba yenyewe haina mengi ya kutazama. Mgonjwa hulazwa akiwa amechomwa ganzi au, nguvu ikiwa kubwa, amepewa nusu kaputi. Jeli hupakwa kwenye ngozi, mvunjiko hutafutwa kwa eksirei, na mashine hupiga mapigo elfu kadhaa kuelekea mahali hapo. Baadaye mguu hutulizwa tena kwa plasta au kifaa kingine, kana kwamba umevunjika jana. Mawimbi hayavuti vipande kuvisogeza, hayajazi pengo, hayaachi kitu chochote ndani ya mwili. Mgonjwa hurudi nyumbani na mfupa ule ule aliokuja nao, na kinachofuata ni kusubiri miezi.

Hapa ndipo fikra inapopata kazi. Wimbi linalovunja jiwe la figo ndilo, kwa aina yake, linaloujengesha mfupa. Tofauti ya kipimo cha nguvu ipo, lakini haitoshi kueleza kwa nini tokeo moja ni kubomoka na jingine ni kukua. Tofauti kubwa zaidi iko kwa mpokeaji. Jiwe halina la kujibu, hupigwa likapasuka. Mfupa ni kitu hai, nao ukipigwa hujibu. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba mawimbi huufanyia mfupa nyufa ndogo mno, mwili ukazichukulia kama mvunjiko mpya na kuanza kazi upya. Uchunguzi uliofuata, ukiwamo wa Ching-Jen Wang na wenzake huko Kaohsiung, Taiwan, ulielekeza kwenye jambo jingine: kwa vipimo vya matibabu chembe hai hutoa vichocheo vya ukuaji, mishipa midogo ya damu huchipuka penye mfupa uliokuwa umekauka, na baada ya mishipa huja ujenzi. Kwa maneno mengine wimbi hupeleka habari, na anayeipokea ndiye anayefanya kazi.

Kwa sababu hiyo mifupa isiyounga haitendewi sawa. Ipo ile ambayo ncha zake zimenenepa na kuvimba, ishara kwamba uhai na damu vipo lakini mahali hapakutulia. Na ipo ile ambayo ncha zake zimesinyaa na kuchongoka, damu ikiwa imeikimbia. Matokeo mazuri ya mawimbi hupatikana zaidi kwa aina ya kwanza. Wimbi ni mgeni anayepiga hodi: penye mwenyeji aliyelala, ataamka na kufungua, penye nyumba tupu, hodi hata iwe elfu nne haifungui mlango.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alilitenga jambo hili kwa usahihi unaostahili kukumbukwa katika wodi za mifupa. Akimfuata Aristotle, alisema kuna aina mbili za ufundi. Ufundi wa kujenga nyumba hutoka nje kabisa: mawe na miti haina ndani yake mwelekeo wowote wa kuwa nyumba, na fundi asipofanya, hakuna kinachofanyika. Ufundi wa tiba ni wa namna nyingine, kwa kuwa afya inaweza kuletwa na maumbile peke yake bila daktari, au na maumbile yakisaidiwa na daktari. Mtendaji mkuu katika uponyaji yuko ndani ya mgonjwa. Daktari hufuata njia ambayo maumbile yenyewe yangeifuata na kuyapa nyenzo. Aquinas aliutumia mfano huo kueleza ualimu: mwalimu haingizi elimu kichwani mwa mwanafunzi, bali huisaidia akili yake kufanya kile inachoweza. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, alifikia mahali hapo hapo kwa njia ya vitendo. Msemo unaohusishwa naye hadi leo unamgawia yeye kazi ya kufunga jeraha na kumwachia Mungu kazi ya kuponya. Mwaka 1561 farasi alimpiga teke akavunjika mifupa yote miwili ya mguu chini ya goti, mfupa ukatokeza nje, naye akapona bila kukatwa mguu katika zama ambazo jeraha la namna hiyo liliua wengi.

Huenda mtu akapinga kuwa fikra hii inafaa mawimbi lakini haimfai mpasuaji, ambaye kwa macho yetu anafanya kazi ya fundi nyumba: anapiga skrubu, anafunga sahani, anaziba pengo. Hoja hiyo ina nguvu mpaka inapochunguzwa chuma chenyewe. Sahani iliyofungwa kwenye mfupa usiounga hupindishwa kidogo kwa kila hatua ya mgonjwa, maelfu ya mara kwa siku, na chuma hata kiwe imara kiasi gani mwishowe huchoka na kukatika. Wapasuaji wanalijua hilo kama mbio kati ya mfupa kuunga na chuma kuvunjika. Chuma hununua muda. Hata mfupa uliopandikizwa kutoka nyonga hufaa kwa sababu mwili huuvamia, huula polepole na kuujenga upya kuwa wake. Kwa hiyo mpasuaji naye yumo katika fungu la wasaidizi, ila msaada wake unaonekana kwa macho na wa mawimbi hauonekani, na binadamu hutoa sifa nyingi zaidi kwa kinachoonekana.

Upande wa Uislamu swali hili lilichimbwa kwa ukali zaidi. Mwanateolojia Al-Ghazali, mwishoni mwa karne ya 11, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alifika kwenye mlango wa 17 akaandika kuwa uhusiano kati ya kile kinachodhaniwa kuwa sababu na kile kinachodhaniwa kuwa tokeo si wa lazima. Mfano wake mashuhuri ni pamba na moto: jicho linaona pamba ikiungua moto unapoigusa, haliioni pamba ikiunguzwa na moto. Kutokea pamoja na kitu ni jambo moja, na kutokea kwa sababu ya kitu hicho ni jambo jingine. Katika orodha ya mifano aliyoanza nayo alitaja shibe na kula, kukatika kiu na kunywa, na pia kupona na kunywa dawa. Kwake mtendaji ni Mwenyezi Mungu, naye amejaalia mambo yafuatane kwa desturi. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ni Mashafi waliofuata itikadi ya Ash'ari, ambayo ndiyo ya Al-Ghazali, wamerithi fikra hiyo hata wale ambao hawajakisikia kitabu chenyewe. Ndiyo inayosemwa kitandani mwa mgonjwa, kwamba dawa ni sababu tu na mponyaji ni Mungu.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyeishi karne moja baadaye na aliyekuwa daktari pamoja na kuwa kadhi na mwanafalsafa, alijibu kwa kitabu kizima. Hoja yake kubwa ni kwamba anayefuta sababu anafuta akili yenyewe, kwa maana kujua kitu ni kujua kinatokana na nini. Kama dawa haina tabia yake na mfupa hauna tabia yake, hakuna elimu ya tiba ya kuandikwa, na yeye alikuwa ameiandika.

Wasomaji wa leo huwa wanamtangaza Ibn Rushd mshindi kwa upande wa sayansi na kumwacha Al-Ghazali kwa upande wa dini. Hukumu hiyo ni ya haraka. Onyo la Al-Ghazali, hata likitengwa na teolojia yake, ndilo linalosimama nyuma ya kila jaribio zuri la tiba. Mgonjwa alipigwa mawimbi, na baada ya miezi 6 mfupa ukaunga. Je, uliunga kwa mawimbi au pamoja na mawimbi? Mfupa ni kiungo chenye tabia ya kuunga. Yeyote atakayesimama karibu nao wakati unaunga atavuna sifa. Mwunga mifupa amejengewa jina na mivunjiko ambayo ingepona hata kwa kitambaa na subira, na hospitali nazo zimejengewa jina kwa namna hiyo hiyo.

Mfano ulio wazi ni wa jamaa wa karibu wa mawimbi mshtuko, mawimbi ya sauti yenye nguvu ndogo. Kifaa chake kiliruhusiwa Marekani mwaka 1994 kwa mivunjiko mipya, na kwa miaka zaidi ya 20 wagonjwa wengi walikifunga mguuni dakika 20 kila siku. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jaribio la watu 501 waliovunjika mundi na kupasuliwa. Nusu walipewa kifaa kinachofanya kazi na nusu kifaa kinachofanana nacho kisichotoa kitu, bila wao kujua. Tofauti haikuonekana, si katika kasi ya kuunga wala katika kurudi kazini. Mifupa iliunga pamoja na kifaa kwa miaka yote ile. Haikuwa ikiunga kwa kifaa.

Mawimbi mshtuko yenyewe yako katika hali bora kidogo, ila si bora kabisa. Jaribio linalotajwa zaidi ni la Italia, la Angelo Cacchio na wenzake, lililochapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 126 wa mifupa mirefu yenye ncha zilizonenepa waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: mawili yakapata mawimbi ya nguvu tofauti, moja likapasuliwa. Baada ya miezi 6 karibu mifupa 7 kati ya kila 10 ilikuwa imeunga katika makundi yote matatu. Hilo ni jambo zito, kwa maana mawimbi yalifika pale pale kilipofika kisu bila gharama za kisu. Lakini kundi la kupigwa mawimbi ya uongo halikuwapo. Anayeyatetea mawimbi husema kwamba mfupa uliokaa miezi 9 bila kuunga ni shahidi wa kutosha dhidi yake mwenyewe, kwani ulishapewa nafasi ya kujiponya ukashindwa. Hoja hiyo inakubalika kwa sehemu. Ipo mifupa mizembe inayochelewa na hatimaye kuamka, na ipo mifupa ambayo ilichohitaji ni utulivu uliokosekana mwanzoni, utulivu ambao mgonjwa wa mawimbi hupewa tena baada ya tiba.

Al-Ghazali aliacha kipimo kinachofaa hapa. Katika kitabu chake kingine, *Ihya*, kwenye mlango wa tawakali, yaani kumtegemea Mungu, aliyagawa mambo yanayoondoa madhara katika ngazi tatu. Kuna ya yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuyaacha hayo si tawakali, ni kujiangamiza. Kuna ya dhana, na humo aliziweka dawa za kawaida za matabibu. Kuzitumia hakuvunji tawakali, na kuziacha si haramu. Na kuna ya kuwaziwa tu, ambayo hayana msingi wa kutegemewa. Mpango huo uliandikwa kwa ajili ya roho ya mcha Mungu, lakini unamfaa daktari asiye na dini vilevile. Kuutuliza mfupa uliovunjika kuko karibu na yakini. Mawimbi kwa mfupa ulionenepa ncha na kutulizwa ni dhana yenye nguvu. Mawimbi kwa mfupa uliosinyaa ni dhana dhaifu. Mawimbi kwa pengo pana kati ya vipande, au kwa mfupa wenye usaha usiotibiwa, yameshaangukia ngazi ya tatu.

Ukristo nao haukumwachia muumini nafasi ya kulitumia jina la Mungu kukwepa tiba. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinaagiza daktari aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na kinasema dawa zimetoka ardhini kwa mkono wake. Mafundisho haya, kama yale ya Mtume Muhammad kuhusu kumfunga ngamia kwanza ndipo kumtegemea Mungu, yanaiweka kazi ya mtu na kazi ya Mungu katika ngazi tofauti. Hazigombanii nafasi moja, hivyo kuongeza upande mmoja hakupunguzi mwingine. Aquinas alisema hivyo hivyo: Mungu hutenda kupitia watendaji wadogo, na kuwanyima hao uwezo wao ni kuipunguza hekima yake. Muumini anayedai ushahidi wa tiba kwa hiyo hamtilii Mungu shaka. Anamtilia shaka muuzaji wa mashine, na huo ni wajibu wake.

Suala hili lina matokeo ya vitendo. Mahali ambapo ajali za bodaboda hujaza wodi za mifupa, na ambapo upasuaji wa pili unaweza kuigharimu familia shamba au ng'ombe, neno tiba bila kisu lina mvuto mkubwa, na mvuto huo unaweza kuuzwa. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliporuhusu mashine ya kwanza ya mawimbi kwa maradhi ya mifupa na kano mwaka 2000, iliiruhusu kwa maumivu ya kisigino, si kwa mifupa isiyounga. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa mfupa wake ni wa aina gani, una damu au hauna, pengo ni kiasi gani, na kwamba atasubiri miezi kabla ya kujua. Ana haki pia ya kutolaumiwa. Fikra kwamba mwili ndio uponyao hugeuzwa kirahisi kuwa mashtaka: mfupa haujaunga, basi mwenye mfupa amefanya kosa, au imani yake ni haba. Kuacha sigara na kudhibiti sukari ni mambo anayoweza kuyafanya, na aambiwe hivyo. Mishipa iliyokatika siku ya ajali si kosa lake, na hakuna dua wala ukakamavu uliopungua hapo.

Mawimbi hayapigwi kuelekea mimba, uvimbe wa saratani au mapafu, na kwa watoto huepushwa na sehemu za mfupa zinazokua. Mfupa ulio hai, wenye ncha zilizonenepa na uliotulizwa vizuri unastahili kujaribiwa mawimbi kabla ya kisu pale mashine ilipo na bei yake ikiwa chini ya upasuaji. Mfupa uliosinyaa, wenye usaha au wenye pengo upelekwe kwa mpasuaji bila kupotezewa muda, na mgonjwa wake asiuziwe mapigo elfu kadhaa kwa jina la matumaini.